Mama wa Chini ya Jukwaa

2 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba linakataa ngazi ila kwenye tambarare linakubali, nami nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na kile kikohozi kilichokutia wasiwasi kimeshanihama.

Najua majirani wako wanashangaa mama na mwana wanaoandikiana barua zama hizi. Waambie ulivyoniambia mimi, kwamba simu imeundwa kwa watu wenye makoo makubwa. Nikikupigia nasikia pumzi tu, nabaki "halo, halo, Mama upo?" na kumbe upo, unazungumza vizuri tu, kwa sauti ile ile uliyoitumia kazini.

Sasa kaa chini. Kile kipindi cha televisheni ninachokiandikia kinaanza Ijumaa hii saa moja jioni. Kinaitwa Haya, Imbeni! Ni vichekesho juu ya ile michezo yenu ya kuimba ya jukwaani. Kuna kikundi kinachoigiza mchezo ule ule miaka nenda miaka rudi katika ukumbi unaovuja, na ugonjwa wao ni mmoja: hawawezi kusema jambo bila kuliimba. Fundi bomba anakuja kuziba bomba, anaulizwa "Umetoka wapi?" na watu ishirini wanaocheza kwa mistari miwili. Kabla hajafungua mkoba wake wa spana keshapata mwenza wa kuimba naye, na maji yanaendelea kumwagika. Mtu anapigwa risasi, anaimba beti saba. Daktari anafika mbio, anaweka begi chini, anapokea kiitikio. Hatuwacheki kwa ubaya, Mama. Kila mtu hapa ofisini ameipenda ile michezo tangu utotoni. Mwongozaji wetu akisikia kinanda cha ufunguzi anatokwa na machozi, halafu anasingizia vumbi.

Kuna mhusika mmoja nimemwandika mimi peke yangu, neno kwa neno. Ni mnong'onezaji. Yuko kwenye shimo lake chini ya jukwaa, na taa yake ndogo, na kitabu cha mchezo mapajani, akiwapa maneno waimbaji wanaosahau. Anaitwa Bi Shimo. Sina haja ya kukuambia nilimtoa wapi.

Nenda kwa Fundi cherehani ukaangalie, televisheni yako najua ina ukungu. Halafu niandikie upesi. Nimeandika vitu vingi, lakini hiki ndicho ninachokiogopa, kwa sababu mtazamaji ninayemtaka ni wewe.

Mwanao,
Kitinda


17 Machi

Mwanangu Kitinda,

Salamu zako zimefika. Goti liko pale pale, halijahama. Wengine tu wazima, na paka wa Fundi amezaa ndani ya sanduku la vitambaa.

Nimeangalia. Ijumaa ya kwanza na ya pili, dukani kwa Fundi, nimekaa katikati ya suruali za watu. Nianze na mazuri, usije ukasema mama yako ana roho mbaya. Yule daktari wa kupokea kiitikio amenivunja mbavu. Ni kweli tupu! Ngurumo wetu, unamkumbuka, yule mwimbaji mkuu mwenye kifua kama kabati, alikuwa anakufa taratibu kiasi kwamba siku moja mama wa mstari wa mbele alifuma soksi nzima. Na yule fundi bomba, we acha tu, nilicheka mpaka Fundi akaniletea maji. Mmewapata. Hata ile tabia ya kumwimbia mtu siri sikioni huku umati umezunguka, na yeye peke yake ndiye hasikii, mmeipata.

Lakini Bi Shimo! Wewe mtoto wewe!

Huyo mwanamke anapiga kelele. Anatoa kichwa shimoni. Anamwambia mwimbaji, "Umeshamwambia unampenda mara tano, mwenzio anataka kwenda nyumbani!" Anagombana na mpiga ngoma. Ukumbi mzima unamsikia na kumshangilia. Ala! Mimi nilisikika lini? Nitajie siku moja tu. Nimekaa kwenye lile shimo tangu hujazaliwa mpaka umemaliza shule, vumbi la viatu vya watu likiniangukia machoni, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kujua kwamba niko pale. Hata wa mstari wa mbele. Huo ndio ufundi wenyewe, Kitinda. Neno lazima limfikie anayelihitaji, na liishie hapo hapo, lisivuke hata hatua moja. Mnong'onezaji akisikika, afunge kitabu aende zake. Wapo waliofukuzwa kwa sababu ya chafya.

Sasa Fundi ananiita Bi Shimo mbele ya wateja. Juzi msichana aliyeleta gauni lipunguzwe kiunoni ameniomba nimfokee kidogo, "kama kwenye televisheni". Nilitamani nimfunge mdomo kwa zipu. Kitu pekee nilichokuwa najivunia maishani umekichukua, umekifanya kichekesho, tena mwanangu mwenyewe, si mtoto wa mtu.

Nina hasira. Usiniandikie kwa sasa. Zikiisha nitakuambia.

Mama yako


26 Machi

Mama,

Shikamoo. Umesema nisiandike, naandika. Utanipiga ukiniona.

Nisamehe. Kukuvunjia heshima sikukuwaza hata kidogo, na nilipofika pale uliposema "tena mwanangu mwenyewe" niliikunja barua nikashindwa kuendelea na kazi siku hiyo.

Nataka tu ujue Bi Shimo alitoka wapi hasa. Nilipokuwa mdogo, siku ambazo hakukuwa na wa kunitazama nyumbani, ulinishusha nawe shimoni. Nilikaa kwenye mto miguuni pako, nimeonywa nisithubutu hata kukohoa. Mtu akisahau, ulimpa neno lake polepole, kwa adabu zote. Kisha ulinigeukia mimi ukafanya ile sura yako: macho juu, mdomo upande. Hukusema kitu, lakini mimi nilisikia yote. "Mwone huyu naye, wimbo ule ule kila Jumamosi, bado haumwingii!" Nilikuwa najing'ata mkono nisicheke. Bi Shimo ni zile sura zako, Mama. Nimezipa sauti tu. Kila kitu ninachojua kuhusu kuchekesha nilikipata pale chini, nikiwa nakutazama wewe.

Lakini kama imekuuma, imekuuma. Vipindi vilivyokwisha kurekodiwa siwezi kuvirudisha. Vinavyofuata nitamwomba mwongozaji tumwondoe, tuseme amestaafu. Atang'aka, maana watazamaji wanaotuandikia wengi wanamuulizia yeye, ila nitasimama imara. Nipe neno lako tu.

Mwanao anayekupenda,
Kitinda


20 Aprili

Mama,

Shikamoo tena. Natumai huumwi. Sanduku langu la barua limejaa matangazo ya magodoro, na kutoka kwako hamna hata bahasha tupu.

Nilishindwa kuvumilia nikampigia Fundi. Anasema u mzima, unakula, na kila Ijumaa saa moja kasoro unaingia dukani kwake kutafuta kifungo. Unakwenda kukaa nyuma ya makoti yaliyotundikwa, na kipindi kikiisha unatoka bila kifungo. Anasema makoti huwa yanatikisika. Hakuweza kuniambia kama unacheka au unalia, na mimi sina raha.

Mwongozaji sijamwambia bado. Nakungoja wewe. Na ile dawa ya goti ipake, usiiweke kabatini kama pambo.

Mwanao,
Kitinda


5 Mei

Kitinda mwanangu,

Sijambo, na wewe nakuombea usiwe na jambo. Mwambie huyo rafiki yako Fundi ana domo refu kuliko sindano zake. Makoti yalitikisika kwa sababu watoto wa paka wamekua.

Haya, nilikuwa nacheka. Umefurahi? Nilikuwa nacheka, na nilikuwa nimekasirika, vyote kwa wakati mmoja, ndiyo maana nilijificha. Mtu mzima hawezi kuonekana amenuna huku meno yakiwa nje.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita amekuja Ngurumo kunitembelea. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, na lile kabati la kifua limebaki milango tu. Saa moja ikakaribia, nikawa sina jinsi, nikamchukua hadi kwa Fundi. Safari hii sikukaa nyuma ya makoti, ningemwambiaje mgeni? Bi Shimo akatoa kichwa, akamfokea mwimbaji aliyesahau jina la mchumba wake. Ngurumo akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Damu ikanichemka. Nikamwambia, "Unacheka nini? Mimi nilikuwa hivyo? Mimi nilikuwa napiga kelele?"

Akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. Akasema, "Dada, waliokaa kwenye viti ndio hawakukusikia. Mimi niliyesimama pale juu, taa zimenipiga usoni, kichwa kitupu, watu wote wananitazama, sikusikia sauti nyingine yoyote isipokuwa yako. Ilikuwa kubwa kuliko kinanda. Ilinijia hivi hivi anavyofanya huyu mama."

Sikujua, Kitinda. Miaka yote hiyo nilidhani nilikuwa nawapa kitu kidogo tu, wanakiokota wanaendelea. Nikajidai natafuta kifungo.

Kwa hiyo usithubutu kumtoa Bi Shimo. Ukimstaafisha nitapanda basi mpaka kwa huyo mwongozaji wako anayelizwa na vumbi. Ila nina masharti. Taa yake mmeiweka kulia. Iwekeni kushoto, la sivyo mkono unaofungua kurasa unakitia kitabu kivuli. Na mto wake ni mwembamba mno, huenda ndiyo sababu anagombana na kila mtu. Na avue zile pete, pete hugonga mbao. Mengine apige kelele atakavyo.

Hasira zimekwisha. Nilisema nitakuambia, nimekuambia.

Mama yako


16 Mei

Mama, Mama, Mama!

Shikamoo mara mia. Barua yako niliisomea kwenye foleni ya benki, nikaruka, mlinzi akanisogelea. Nikamwambia mama yangu hana hasira tena. Akasema hongera, rudi kwenye mstari.

Taa imehamia kushoto. Mto umebadilishwa, na mwigizaji wetu anasema mgongo wake unakusalimu. Pete amevua moja, nyingine inakataa kutoka.

Sasa nina ombi. Kipindi cha mwisho kitarekodiwa mbele ya watazamaji, Jumamosi ya tarehe saba Juni, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kweli wenye shimo la kweli. Malkia ndiye atakayefunga. Huyo ndiye mwimbaji wetu mkuu, tumempa jina hilo kwa sababu hakalii viti vya plastiki. Ataimba wimbo wa mwisho wa mchezo wenu Bibi Arusi wa Mnara, ule wa mke anayemngoja mumewe, ambao Ngurumo na wenzake walifunga nao onyesho kila Jumamosi. Tumeugeuza, bila shaka. Ninyi mlikuwa mnaimba:

Ukirudi usinikute mlangoni,
jua nilisimama hapo hata taa ikachoka.

Sisi tunaimba:

Ukirudi usinikute mlangoni,
funguo ziko kwa jirani, na sufuria uioshe.

Na inaendelea hivyo hivyo, mke anamwachia mume maagizo ya nyumba nzima mpaka takataka za nje. Natumai utacheka. Wakubwa wa kituo watakuwepo ukumbini, na wametuambia waziwazi kwamba siku hiyo ndipo wataamua kama tunapewa msimu wa pili au kila mtu afunge virago. Nina hofu. Ukiwa pale nitatulia. Njoo, Mama.

Kitinda wako


25 Mei

Mwanangu,

Tu wazima. Nitakuja. Fundi ananishonea gauni la bluu, ameapa halitabana popote.

Niwekee kiti cha pembeni, karibu na jukwaa, nipate mahali pa kunyoosha goti. Usinitambulishe kwa mtu. Na wazo lolote la kunishusha shimoni ili watu wapige picha, lifute sasa hivi, nakujua. Nakuja kama mgeni. Nataka kukaa juu kama watu wengine nione nyuso za waimbaji, maana maisha yangu yote nimeona viatu.

Ile ya sufuria nimecheka.

Mama yako


9 Juni

Kitinda,

Nimefika salama. Salamu nyingine sina, nina swali tu: wamekufukuza?

Najua ulinitafuta. Nilitoka kwa mlango wa pembeni kabla pazia halijafungwa, nikapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka, na gauni la Fundi limefika nyumbani limekunjamana. Ngoja nikuambie ilivyokuwa kwa upande wangu, kisha unikasirikie, ni haki yako.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Niliona nyuso, Kitinda! Yule mnene anayeigiza fundi bomba ana macho mazuri kweli. Nilicheka, nilipiga makofi, nikawa mtu wa kawaida kabisa aliyekuja kustarehe. Kisha Malkia akaja mbele kwa wimbo wa mwisho. Kinanda kikaanza, akafungua mdomo, akaimba "Ukirudi usinikute mlangoni," na akanyamaza.

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Hata Bi Shimo wenu alikaa tu kule chini, naye alidhani Malkia anawachezea watazamaji. Kinanda kikarudia. Lakini mimi nilikuwa pembeni, nikaiona shingo yake. Mtu anayejidai amesahau humeza mate. Aliyesahau kweli hana hata mate ya kumeza. Ile shingo naijua. Yule binti alikuwa amekwisha, pale pale, mbele ya wakubwa wako na watu wote wale.

Haki ya Mungu sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe, nikampa neno. Na nikampa la zamani! Yale ya funguo na sufuria, uliyoniandikia kwa mkono wako, hayakunijia hata kidogo. Nilimpa "jua nilisimama hapo hata taa ikachoka." Akalichukua kama lilivyo, akaliimba. Nikampa linalofuata, "Usiulize nililia kiasi gani," akaimba. Nikampa "njoo tu, mengine tutayasahau." Wimbo mzima, mpaka mwisho, jinsi ulivyotungwa, bila mzaha hata mmoja.

Watu walikuwa wanacheka, wakaacha. Mzee mmoja mbele yangu akatoa leso. Nikajisemea, nimemharibia mwanangu. Watu wamekuja kucheka, wakubwa wamekuja kupima kama vichekesho vinachekesha, na mimi nimewapa kilio. Tangu nianze ile kazi sijawahi kumpa mtu neno lisilo lake, Kitinda. Siku moja niliyoalikwa kama mgeni, nikampa mtu maneno ya mchezo mwingine.

Sikuwa na uso wa kukutazama. Niambie ukweli, hata kama ni mchungu. Na kama umemwaga unga kwa ajili yangu, chumba chako kipo, nimekifagia.

Mama yako


13 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na pole kwa basi, na tafadhali kaa kitako.

Sijafukuzwa. Hakuna aliyefukuzwa. Mbona hukungoja hata dakika mbili, Mama?

Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mitambo, nimeshika kichwa, nikijua tumekwisha. Kisha Bi Shimo akatoa kichwa shimoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kweli, hayakuandikwa popote. Akapangusa pua, akasema, "Haya, na sufuria nani ataosha?" Ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama wakicheka huku wanalia, na wakagoma kukaa tena. Mwongozaji alisingizia vumbi mpaka leso zikamwishia.

Tumepewa msimu wa pili. Wakubwa wameagiza wimbo ubaki hivyo hivyo ulivyoimbwa, usirudiwe. Msimu mzima tumewacheka wale watu kwa kuimba badala ya kusema, na pale kila mtu akakumbuka kwa nini waliimba. Mimi nilikaa mezani miezi nikitafuta namna ya kumaliza, na sikuipata. Wewe umeipata kwa kukosea.

Malkia alikutafuta ukumbi mzima. Alirudi nyuma ya jukwaa anauliza, "Nani yule? Nani yule?" Nilipomwambia ni mama yangu alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kuangalia. Anataka kukubusu mikono.

Sasa kuna jambo moja, na hili ni la kwako kuamua. Ukumbini hakuna aliyekusikia isipokuwa yeye. Nimemuuliza bibi aliyekaa jirani nawe, anasema ulikuwa unasali. Lakini Malkia alikuwa amevaa maiki ndogo kifuani, na maiki imekunasa. Umo, Mama. Kabla ya kila mstari kuna sauti yako, ya chini, safi, kila neno limekamilika. Nilivaa vifaa vya masikioni nikasikiliza, na nikalia mbele ya watu wa kazini, sijali.

Fundi wa sauti anaweza kuifuta isibaki hata pumzi. Au anaweza kuiacha, na Ijumaa ya tarehe ishirini na saba watu wote wakusikie. Mimi natamani ibaki, nakuambia wazi, sitaki kukuficha moyo wangu. Lakini mara ya kwanza nilikuweka kwenye televisheni bila kukuuliza, nikakuumiza. Safari hii nimemwambia asiguse kitufe chochote mpaka nipate barua yako. Utakalosema ndilo litakalokuwa.

Mwanao,
Kitinda


18 Juni

Mwanangu Kitinda,

Mimi ni mzima, na goti limechoshwa na safari lakini linakupa hongera. Msimu wa pili! Nilimsomea Fundi pale pale kwenye cherehani, akapiga kelele, akashona mkono wa shati la mtu kwenye mfuko wake. Mpaka leo anafumua.

Mwambie Malkia asihangaike na mikono yangu. Ale vizuri, alale mapema, na nyimbo azitie kichwani. Na umwambie aliimba vizuri sana. Nimewasikia wengi wakiuimba ule wimbo, wengine wenye majina makubwa, na hakuna aliyeuimba kama yeye Jumamosi ile, kwa sababu hakujua neno linalofuata ni lipi.

Barua yako nimekaa nayo. Nimekwenda nayo sokoni, nimerudi nayo. Sitakudanganya, nilitamani. Nilijiona nimekaa kwa Fundi, mbele kabisa, na yule msichana wa gauni yupo, na sauti yangu inatoka kwenye televisheni. Nilitamani mpaka nikajionea aibu.

Futeni.

Usinune, nisikilize. Si hasira tena wala si haya. Ule wimbo ni wa Malkia. Yeye ndiye aliyesimama na taa usoni, na watu walilia kwa sababu yake. Mkiniacha ndani, watu wataacha kumtazama yeye, wataanza kunitafuta mimi, na hilo sitamfanyia mwimbaji yeyote, hata anayechagua viti. Bi Shimo apige kelele, ndiyo kazi yake na anaifanya vizuri, na nampenda, nimeshamzoea. Kazi yangu mimi ilikuwa hii nyingine. Nimeifanya mara moja ya ziada ambayo sikuitegemea, mwanangu akiwa humo humo ukumbini, na moyo wangu umeridhika.

Lakini mwambie huyo fundi asinitupe. Kabla hajafuta, anitolee nakala moja yenye sauti yangu ndani, iwe yangu mimi. Kitinda, maisha yangu yote nimewapa watu maneno, na sijawahi hata siku moja kujisikia. Sijui nilikuwaje. Ngurumo anajua, Malkia anajua, na sasa wewe unajua. Nimebaki mimi tu. Nami nataka kujua.

Usiitume kwa posta. Njoo nayo mwenyewe, tufunge mlango, tukae wawili tusikilize. Huenda nikalia, nakuonya mapema. Nikilia na nikakosa la kusema, usinipe neno. Ningoje tu, nitalipata mwenyewe.

Mama yako